Kuomba Chuo cha Marekani kwa Mtoto wa Mkulima



Kazi yangu ni ukarani wa parokia, hapa mkoani Singida. Watu waja ofisini kwa mambo ya vyeti: cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, barua ya kumtambulisha mtoto shuleni. Lakini miaka hii liko swali jingine linaloletwa, tena huletwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni siri: "Mwalimu, ni kweli viko vyuo vikuu vya Marekani vinavyomsomesha mtoto wa maskini bila ada?" Huniita mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu chuoni kabla ya kushika kazi hii. Leo nataka kulijibu swali hilo mbele ya wote, maana nimeona jinsi linavyowanufaisha matapeli, na jinsi lilivyokaribia kuuza shamba la jirani yangu.

Jibu la kwanza: ni kweli. Wala si jambo la jana. Mwezi Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi na vijana 81 waliokwenda kusoma Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa huko. Mwaka 1960 wakafuata wengine zaidi ya 200. Mmoja wao ni Wangari Maathai wa Nyeri, aliyepokewa katika chuo cha masista Wabenedikto mjini Atchison, Kansas. Mwaka 2004 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Jibu la pili: mlango ni mwembamba sana. Mwaka 2024 watu zaidi ya 54,000 waliomba nafasi katika chuo cha Harvard; waliokubaliwa hawakufika 2,000. Katika kila watu 100, hata 4 hawakutimia. Na miongoni mwa hao walioomba walikuwamo waliokuwa wa kwanza darasani kwao, kama mtoto wako.

Sasa, fedha. Vyuo vya namna hiyo hudai zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, kwa masomo, chakula na malazi. Tukihesabu dola moja kuwa shilingi 2,500, ni shilingi milioni 200. Katika kata yetu hakuna awezaye kulipa. Basi chuo huuliza: jamaa ya mtoto huyu ina nini? Kisha hukata gharama kwa kadiri ya mali yao. Asiye na kitu hupunguziwa karibu yote. Huo ndio msaada ninaousema. Si mkopo, wala si tuzo ya aliyeshinda mbio.

Lakini vyuo si vya namna moja, na hapa ndipo wengi hupotea. Viko vichache ambavyo, wakati wa kuchagua, havitazami mfuko wa mwombaji hata kama anatoka nchi nyingine: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwao. Dartmouth kiliingia katika hesabu hiyo mwaka 2022, na chuo cha Kikatoliki cha Notre Dame, huko Indiana, kilitangaza hivyo mwezi Septemba 2024. Vingine vyote vilivyo vingi hutazama. Kwao mtoto anayehitaji fedha nyingi hushindania nafasi chache zaidi kuliko mwenye baba tajiri, ingawa alama zao ni sawa. Tena viko vinavyomkubali mtoto na kumpa nusu tu ya fedha anayoihitaji. Hiyo nusu ndiyo hatari. Ngoja nieleze lililotokea kwetu.

Mwaka 2023 binti mmoja wa kijiji jirani alimaliza kidato cha sita. Mtihani ni mwezi wa 5, matokeo mwezi wa 7, naye alifaulu vizuri sana. Mwalimu wake wa hesabu akamwambia aombe Marekani. Akaja kwangu na baba yake, tukaanza kuzikusanya karatasi.

Jambo la kwanza lilikuwa majina. Cheti cha ubatizo kina majina mawili, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, na cheti cha shule kimeandikwa herufi moja vingine. Kwetu hapa hakuna anayejali. Kila mtu anamjua mtoto wa nani. Huko mbali karatasi tatu zenye majina matatu ni watu watatu. Tulikwenda kwa wakili kuapa, tukapata hati ya kiapo. Basi wazazi, msingoje kidato cha sita. Tazameni majina ya watoto wenu leo, wakiwa bado shule ya msingi.

Jambo la pili lilikuwa fomu ya mali. Fomu huuliza: baba anapata kiasi gani kwa mwaka? Yuko wapi mkulima wa alizeti mwenye karatasi ya mshahara? Yule mzee akajibu, "Andika tunapata kidogo." Nikamwambia, "Mzee, kidogo si hesabu. Tuhesabu." Tukahesabu mavuno ya mwaka ule. Alizeti, gunia 16, kila gunia shilingi 40,000: ni shilingi 640,000. Kuku 30 waliouzwa mnadani kwa shilingi 15,000 kila mmoja: ni 450,000. Mbuzi wawili: 140,000. Jumla ni shilingi 1,230,000, nazo hazifiki dola 500. Mtama na mahindi ya kula nyumbani tuliyaeleza katika barua, kwa kuwa hayakuuzwa. Fomu tuliijaza kwa shilingi, kwa maana yaruhusiwa kutumia fedha ya nyumbani. Mtendaji wa kijiji akatia mhuri kwamba maneno hayo ni ya kweli.

Mzee alipoiona jumla ile alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Karani, umeniandika ombaomba. Mimi nina ng'ombe." Nikajibu, "Ng'ombe pia wana mahali pao, baba. Ni wangapi?" Hapo mambo yakawa magumu. Mtu wa kwetu hapendi kuhesabu ng'ombe wake mbele ya watu. Na baba mdogo wa yule binti, aliyekuwa ameketi mlangoni, akadakia, "Usiwaandike kabisa! Andika hana hata ndama, watamhurumia."

Basi mnaona, wasomaji: mmoja aliona haya ya umaskini, mwingine alitaka kuuongeza. Nikawaambia wote wawili neno moja. Chuo hakitoi fedha kwa huruma, chatoa kwa hesabu. Ng'ombe tisa wa shilingi 700,000 ni shilingi 6,300,000. Hata tungeuza wote, wasingelipa hata mwezi mmoja wa ada ile ya milioni 200. Kuwaficha hakuongezi kitu, lakini uongo ukijulikana mtoto hufukuzwa hata akiwa amekwisha kuingia. Mzee akasema polepole, "Tisa." Tukaandika tisa.

Jambo la tatu ni insha. Mwombaji huandika habari zake mwenyewe kwa maneno yasiyozidi 650. Kijana mmoja wa mjini alitaka shilingi 200,000 ili amwandikie. Binti akakataa, akaandika mwenyewe. Insha yake ya kwanza ilijaa njaa, ukame na machozi. Mwalimu wake akaisoma, akamwuliza, "Njaa nimeiona. Wewe uko wapi?" Akaandika upya. Safari hii alieleza jinsi anavyotunza daftari la kikundi cha akiba cha mama yake, kile chenye sanduku la kufuli tatu, na jinsi alivyogundua kwamba riba ilikuwa ikihesabiwa vibaya na kumwonea mjane mmoja. Niliisoma nikamtambua ni yeye, na hakuna mwingine angeweza kuiandika.

Barua za walimu nazo ni hivyo hivyo. Sisi walimu twapenda kuandika, "Mwanafunzi huyu ana nidhamu na bidii," tukatia sahihi. Maneno hayo yangemfaa kila mtoto wa shule. Walimu, semeni alifanya nini, siku gani, katika somo gani.

Jambo la nne ni gharama za kuomba. Vyuo vingi humsamehe maskini ada ya kuomba, akieleza hali yake. Ada ya fomu ya mali nayo vyuo kadhaa huisamehe, au hutoa fomu yao isiyo na malipo. Ushauri wa EducationUSA, huduma ya serikali ya Marekani iliyo ubalozini Dar es Salaam, ni bure. Kwa hiyo mtu akija kijijini na kusema, "Nipeni laki tano nimtafutie mtoto nafasi," mfungulieni mlango atoke. Nafasi hizo haziuzwi na dalali.

Hata hivyo gharama nyingine haziepukiki. Paspoti ni shilingi 150,000. Mtihani wa Kiingereza una malipo yake, ingawa viko vyuo visivyoudai kwa aliyesoma sekondari kwa Kiingereza. Viko pia vinavyodai mtihani wa SAT, ambao kwetu mtoto hana budi kuusafiria. Mwaka 2024 aliyepata chuo alilipa dola 185 za viza na dola 350 za kuandikishwa kama mwanafunzi wa kigeni. Yafaa kuyajua hayo kabla ya kuanza.

Binti aliomba vyuo saba. Majibu yakaja mwezi wa 3 mwaka 2024. Sita vilikataa. Kimoja kikamkubali. Siku ile mama yake alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Lakini barua ile ilikuwa na ukurasa wa pili. Chuo kilitoa fedha nyingi, ila kiliacha dola 6,000 kwa mwaka zilipwe na wazazi.

Jamaa wakakutana. Baba mdogo akasema tuuze ng'ombe na eka za bondeni, na zilizobaki binti atazipata kwa kufanya kazi huko. Nikaombwa nipige hesabu. Dola 6,000 ni shilingi milioni 15 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni milioni 60. Ng'ombe wote tisa hawafiki hata nusu ya mwaka wa kwanza. Na kazi? Sheria ya huko yamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi hapo chuoni tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Na mshahara wa kazi hiyo chuo kilikuwa kimekwisha kuuhesabu ndani ya msaada. Tena mtu wa viza hutaka kuona fedha ya mwaka wa kwanza mkononi.

Mama, ambaye hakuwa amesema neno, akauliza, "Na wadogo zake wanne watalima wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Binti aliandika barua kwa adabu, akaomba nyongeza. Chuo kikajibu kwa adabu kwamba fedha zimekwisha. Mwisho wa kujibu ulikuwa tarehe 1 Mei. Siku mbili kabla yake alikuja ofisini peke yake, akaniomba nimsomee tena ukurasa wa pili, ingawa Kiingereza chake kinashinda changu. Nikamsomea. Kisha akaandika barua ya kukataa. Alilia, na baba yake alilia, nami sitawadanganya kwamba lilikuwa jambo jepesi. Mwaka ule akaomba nyumbani, akapata Chuo Kikuu cha Dodoma pamoja na mkopo wa Bodi ya Mikopo. Yuko huko, anasoma hesabu. Eka za bondeni zingali zinalimwa.

Watu wengine husema alipoteza mwaka mmoja bure. Yeye hasemi hivyo, lakini asema hivi: kama angejua mapema kwamba viko vyuo vinavyotoa fedha yote na vinavyotoa nusu, angechagua orodha yake kwa namna nyingine. Kabla ya kutuma, kila chuo kiulizwe: kwa mwanafunzi wa kigeni, je, mnatimiza haja yote, au sehemu tu?

Sasa liko jambo jipya ambalo lazima mlijue. Tarehe 16 Desemba 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi tangazo la kuzuia viza za namna kadhaa, pamoja na za wanafunzi, kwa raia wa nchi kadhaa, na Tanzania ilitajwa. Likaanza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Mambo ya namna hiyo hubadilika kwa amri ya serikali, si kwa bidii ya mtoto. Basi kabla ya kutumia hata shilingi moja, ulizeni ubalozini hali ikoje wakati huo. Chuo kinaweza kukubali, na viza ikakataliwa.

Je, tuache kujaribu? Mimi sisemi hivyo. Majina yaliyonyooka, hesabu ya kweli ya mali, insha ya mkono wake mwenyewe na barua nzuri za walimu vyafaa mahali pengi. Bodi ya Mikopo nayo huuliza hali ya wazazi. Upo ufadhili wa Samia kwa wanaofaulu sana masomo ya sayansi. Upo mpango wa Mastercard Foundation katika vyuo kadhaa vya Afrika, kama Ashesi cha Ghana.

Basi, wazazi, mtoto akija na habari ya chuo cha mbali, msimcheke wala msiuze kitu. Kaeni naye mezani na kalamu. Andikeni gunia, kuku na ng'ombe, bila kupunguza na bila kuongeza. Barua ikija, someni na ukurasa wa pili.