Kutoka Nachingwea hadi Ruangwa: Chi na mizani ya sayansi

Mgeni aingiaye Nachingwea hakosi kusimuliwa habari ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa zao hilo hapa, Kongwa na Urambo. Wakaja na wataalamu, matrekta na reli ya kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Baadaye hata reli iking'olewa. Habari ya pili ni ya kambi ya FRELIMO, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakufunzi wa Kichina waliwafunza wapigania uhuru wa Msumbiji.

Uchina unaozungumzwa leo katika njia ya Ruangwa ni wa namna nyingine. Ndani ya basi dogo, mikorosho ikitupita kulia na kushoto, mzee mmoja alinionesha karatasi ya "kipimo cha mwili mzima". Alishikishwa kipande cha chuma, mashine ikachapa hali ya ini, figo na moyo, kisha akaambiwa kuwa nishati yake imeziba na kwamba anahitaji maboksi matatu ya dawa za Kichina.

"Ustadhi," akaniuliza, "sasa vile vidonge vya presha niviache?"

Nishati hiyo Wachina huiita chi, na husema kwamba hupita mwilini katika njia maalumu. Sayansi haina chombo cha kuipimia. Inachoweza kupima ni athari. Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Ujerumani kwa wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo. Waliochomwa sindano kwa kanuni za Kichina, zaidi ya asilimia 47 walipata nafuu. Waliochomwa nje ya njia hizo, asilimia 44. Waliopewa tiba ya kawaida, asilimia 27 tu. Basi nafuu ipo, wala haifai kuidhihaki. Lakini ramani ya chi haikuthibitika, na ni kiasi gani cha nafuu hiyo kilitokana na sindano, na kiasi gani na matumaini au mkono wa tabibu, hesabu hiyo haikusema.

Jani ni jambo jingine, kwa kuwa huchujwa. Katika miaka ya 1970 Bibi Tu Youyou na wenzake, wakiongozwa na kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, walitoa katika mmea wa artemisia dawa ya malaria. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto za zahanati zetu zimetoka huko. Sayansi ililichukua jani, chi ikaiacha ilipo.

Mashine ile haina udhuru huo. Anayedai kuwa elimu yake haipimiki, kisha akachapa tarakimu za ini la mtu, amejileta mwenyewe mizanini; na chuma cha kushika mkononi hakisomi ini. (Baadhi ya wapiga hijama nao wameanza kuzinunua, kana kwamba Sunna ilikuwa inangoja karatasi.)

Nilimwambia mzee asiache vidonge hata siku moja, na asubuhi aende hospitali akapimwe presha. Tuliposhuka sokoni Ruangwa aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa kanzu, akauliza kama wale watu hurejesha fedha.