ALITOA LAKI TISA KWA MBWA WA MAKARATASI, SIKU YA SITA AKAMZIKA

Kuna jamaa mmoja pale Katoro, mkoani Geita, ana karasha mbili za kusagia mawe ya dhahabu. Si tajiri wa kutisha, ila mkono unaenda kinywani na chenji inabaki. Mwaka juzi wezi walimwingilia usiku, wakafungua mota ya karasha moja wakaondoka nayo, mlinzi kalala fofofo. Asubuhi jamaa akaapa kwamba sasa anafuga mbwa, tena sio mbwa koko, anataka mbwa wa ukweli.

Na kwa watu wa machimbo, mbwa wa ukweli ni Jemani Shepadi. Masikio wima, mgongo mweusi, akikuangalia tu unakumbuka dhambi zako.

Haikupita wiki, kwenye grupu moja la WhatsApp ikadondoka picha ya kitoto cha Shepadi, kizuri balaa. Muuzaji yuko Dar. Bei laki tisa, "ana makaratasi, babu yake katoka Ujerumani, wamebaki wawili tu, wahi boss." Makaratasi yenyewe yakatumwa kwa picha, yana mhuri na majina marefu ya kizungu. Jamaa akajaa upepo.

Shida ilikuwa moja. Mfukoni alikuwa na laki tatu. Laki sita nyingine zilikuwa za waifu, alizozipata kwenye mchezo na kumpa mumewe amshikie, za kununulia friji ya duka. Jamaa akajisemea nitazirudisha kabla hajajua. Wanaume wangapi wameangushwa na hiyo sentensi!

Kitoto kikaja na basi, ndani ya boksi. Muuzaji alisema kina wiki nane, ila kilivyoonekana hata sita ni kwa kubembeleza. Siku mbili za kwanza kikacheza na watoto, majirani wakaja kupiga nacho selfi. Siku ya nne kikagoma kula. Usiku kikaanza kutapika, asubuhi kikaharisha damu, harufu yake hadi barabarani.

Daktari wa mifugo alipofika swali lake la kwanza likawa, "Kadi ya chanjo iko wapi?"

Jamaa akatoa simu akaonyesha yale makaratasi. Daktari akayapitia yote. Babu yupo, bibi yupo, hadi babu wa babu yupo. Chanjo hakuna hata moja. Hapo ndipo jamaa alipojua kuwa makaratasi ya mbwa ni ya aina mbili. Yapo ya ukoo, yanayokwambia katoka kwa nani, na ipo kadi ya chanjo, inayokwambia kama atafika mwezi ujao. Yeye alilipia yale ya kwanza.

Ugonjwa wenyewe ni parvo. Ni kirusi, hakina dawa ya kukiua kikishaingia mwilini. Kinachofanyika ni kumwekea mtoto dripu na kumpa dawa za kuzuia kutapika na za kuzuia magonjwa nyemelezi, halafu mnaomba Mungu. Siku ya sita kitoto kikafa. Muuzaji alipotumiwa meseji akaisoma, tiki zikawa za bluu, kisha akablock.

Waifu alijua habari ya friji siku hiyo hiyo ya mazishi ya mbwa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba watoto, ungeniambia." Kesho yake akapanda gari kwenda kwao Shinyanga "kusalimia wazazi." Kusalimia kwenyewe kukachukua wiki tatu.

Wiki ya nne jamaa akafunga safari na kilo tano za sukari na kitenge cha mama mkwe. Baba mkwe ni mzee wa Kisukuma, amekulia nyuma ya ng'ombe. Jamaa akapiga magoti, shikamoo baba, akaeleza yote bila kuficha, hata ile ya laki sita. Mzee akasikiliza hadi mwisho, halafu akauliza kitu kimoja.

"Huyo mama wa mbwa ulimwona?"

"Hapana baba, niliona picha ya mtoto."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mkwe wangu, mtamba hununui kwa kumwangalia mtamba. Unamwangalia mama yake. Mama akiwa mbovu, na mtoto hesabu ni huyo huyo."

Mzee hajawahi kufuga mbwa wa kizungu, lakini hapo aligonga penyewe. Shepadi ni mbwa mwenye akili sana ila ana udhaifu wa kurithi, na mkubwa ni wa nyonga. Mfupa wa paja haukai vizuri kwenye kikombe chake, unalegea, kiungo kinasagika, mbwa akikua anaanza kuchechemea. Wafugaji makini hupiga eksirei nyonga za baba na mama wakishafikisha angalau mwaka mmoja, ndipo wanawazalisha. Na sio Shepadi peke yake. Rottweiler naye ana shida ya nyonga. Wale wa sura bapa kama bulldog na pug pumzi inawasumbua hasa kwenye joto, na jua la Shinyanga mnalijua. Sura nzuri kwenye picha haikwambii lolote katika hayo.

Waifu akarudi nyumbani, kwa masharti. Friji kwanza, mbwa baadaye. Na daktari naye alishaonya kwamba kirusi cha parvo kinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Basi sakafu zikaoshwa kwa jiki, banda la zamani likachomwa moto, jamaa akangoja miezi saba. Friji ikanunuliwa mwezi wa tano.

Mbwa wa pili alipatikana Shinyanga mjini, kwa mtu anayefuga majike wawili. Safari hii jamaa alikwenda na baba mkwe. Mzee hakuangalia watoto kwanza. Aliomba mama yao afunguliwe. Akamtazama anavyoinuka, anavyotembea, kisha akaomba akimbizwe kuelekea mbali ili amwone kwa nyuma. Alikuwa anaangalia kama miguu ya nyuma inarushwa yote miwili kwa pamoja kama sungura. Haikurushwa. Ndipo akageukia watoto, macho, pua, masikio, tumbo, chini ya mkia. Akapiga makofi kwa nyuma. Mmoja akakimbilia kona akajificha, mmoja akaja juu kwa ukali, mmoja akageuka akatazama kisha akasogea kunusa viatu vya mzee. "Huyo," mzee akasema.

Muuzaji akasema ukweli kwamba eksirei ya nyonga hajapiga. Ila kadi ya chanjo ilikuwepo, tarehe na sahihi ya daktari. Bei laki tano. Jamaa akalipa nusu, akaomba mtoto abaki pale pale amalizie chanjo zake, kwa sababu zinarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Akamchukua ana miezi minne, kichaa cha mbwa nacho keshachanjwa.

Sasa jamaa alishaungua, akataka na bima kabisa. Wakala akamwambia ana bima ya gari, ya bodaboda, ya nyumba, hata ya ng'ombe. Ya mbwa hana. Kwa wenzetu ni jambo la kawaida, Marekani mbwa wa kwanza kukatiwa bima alikuwa Lassie wa kwenye TV, mwaka 1982. Lakini hata huko bima hailipi ugonjwa aliokuja nao, na mara nyingi magonjwa yana siku 14 za kungoja. Yule wa siku sita asingelipiwa hata senti.

Waifu ndiye aliyetoa jibu. Akasajili laini mpya ya simu, kila mwisho wa mwezi 25,000 inaingia humo, ya mbwa tu. "Na namba ya siri ninayo mimi," akamwambia mumewe. Jamaa akakubali kwa heshima zote.

Mwezi wa tisa wa umri wake, mbwa akaanza kuchechemea asubuhi akiinuka. Ndiyo, pamoja na macho yote ya mzee. Jirani akashauri apewe diklofenaki. Waifu akakataa, akampigia daktari kwanza, na kumbe dawa hiyo ya watu ingeweza kumuua mbwa. Daktari akapapasa nyonga, akasema imelegea kidogo, ila kinachoiumiza zaidi ni uzito. Vijana wa karasha walikuwa wanamshindilia ugali kila saa. Apunguzwe, asirukeruke kutoka kwenye Fuso, na atumie dawa yake ya mbwa. Gharama zote 140,000. Kwenye laini kulikuwa na 125,000. Jamaa akaongeza 15,000 tu, na nyumbani hakuna aliyekwenda kusalimia wazazi.

Leo mbwa yupo, mwembamba, anatembea vizuri, na mota zote mbili zipo. Vijana wanamtania jamaa kwamba anamnyima mbwa chakula. Hajali.

Juzi kwenye lile grupu ikadondoka picha nyingine, Rottweiler, ana makaratasi. Jamaa akaiangalia sana, halafu akapeleka simu dukani, akasimama pembeni ya friji.

"Mama watoto, kuna mbwa nimeona hapa."

Waifu hakuinua hata uso kwenye hesabu zake. "Mama yake umemwona?"

Jamaa akaifuta picha.