Mkono Uongozao Sauti

Wanachuo wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, huwa tunawauliza ni somo gani lililowashinda. Wengi hutaja muziki. Husema kwamba shule haina kinanda, vitabu havipo, na wao wenyewe hawakufundishwa kusoma noti. Hatuwalaumu, kwa kuwa nasi tulianza vivyo hivyo. Katika makala haya twapenda kueleza jinsi tulivyojifunza, katika shule moja ya msingi huko Akheri, kwamba mwalimu asiye na kinanda anacho chombo kingine, nacho ni mkono pamoja na darasa linaloujibu papo hapo.

Akheri iko kwenye miteremko ya Mlima Meru, si mbali na Tengeru. Ni nchi ya migomba na kahawa, tena ni nchi ya kwaya. Watoto wengi wa Darasa la Tatu tuliopewa, ambao kwa jumla walikuwa 62, walikuwa wamezisikia sauti nne zikiimbwa kanisani tangu walipokuwa migongoni mwa mama zao. Kwa hiyo tulidhani kazi itakuwa nyepesi. Tuliandika ubaoni herufi za solfa, tukazionyesha kwa fimbo, na watoto wakazisoma kwa sauti moja kama wasomavyo jedwali la kuzidisha. Walizijua herufi, lakini sauti zake hawakuzijua. Kosa lilikuwa letu, maana tuliwapa jina la kitu kabla ya kuwapa kitu chenyewe.

Hapo ndipo tulipozikumbuka ishara za mkono. Solfa iliendelezwa huko Uingereza na mchungaji John Curwen, aliyejenga juu ya kazi ya mwalimu mmoja wa kike, Sarah Glover wa Norwich. Mwaka 1870 Curwen aliongeza ishara ya mkono kwa kila noti, na baadaye Zoltán Kodály wa Hungaria (1882–1967) na wafuasi wake wakazieneza katika shule za msingi. Utaratibu huu si mgeni kwetu. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika ya Kusini, alitumia solfa kuandika nyimbo zake, na wimbo alioutunga mwaka 1897 ndio uliotupatia lahani ya Mungu Ibariki Afrika.

Ishara zenyewe ni rahisi. Do ni ngumi mbele ya kiuno. Re ni kiganja kilichoinuka kama mteremko. Mi ni kiganja kilicholala kama meza. So ni kiganja kikielekea kifuani, kidole gumba juu. La ni mkono uliolegea kutoka kwenye kifundo. Kila noti inapopanda, mkono nao hupanda. Tulianza na so na mi peke yake, kisha tukaongeza la, na baada ya juma moja darasa liliufuata mkono wetu vizuri mno. Mwalimu mwenzetu aliyepita dirishani alitusifu, nasi tukafurahi.

Furaha hiyo haikudumu. Siku moja tuliweka mkono mfukoni, tukawaomba watoto waimbe so, mi, la bila ishara. Waliimba wanne au watano tu, wote watoto wa kwaya. Wengine waliwatazama midomoni wakangoja. Tukatambua kwamba siku zote hizo mkono ulikuwa wetu, masikio yalikuwa ya wale watano, na waliobaki walikuwa wakifuata mkumbo.

Kesho yake tulimwita mbele mtoto mmoja aliyekuwa na kigugumizi. Hakuwahi kuimba hata siku moja, nasi, twakiri, hatukuwahi kumwuliza sababu. Tulimwambia kwamba leo yeye hatatoa sauti, ila darasa zima litakuwa sauti yake. Aliinua mkono akaonyesha so. Watoto 61 wakaimba so. Aliuteremsha hadi mi, nao wakateremka. Aliutazama mkono wake kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine. Kisha akashika so na kuiacha pale pale, mpaka darasa likaishiwa pumzi na kuvunjika kwa vicheko. Tulitaka kumsaidia. Tulijizuia kwa kuifunga mikono yetu nyuma ya mgongo. Alinyamaza kidogo, akasema polepole, "Mwalimu, wamekosa pumzi." Safari ya pili, kabla ya kuiacha noti, aliufumba mkono, akangoja wavute pumzi, ndipo akaendelea. Hakuna aliyekuwa amemfundisha jambo hilo.

Baadaye aliruka kutoka do hadi la kwa ghafla na darasa likatawanyika, kila mmoja na sauti yake. Alisikia mwenyewe kwamba pameharibika. Akarudi mi, akalikusanya darasa, kisha akapanda kwa hatua hadi la. Kwa dakika kumi mtoto huyu alikuwa ametega sikio kuliko alivyofanya katika muhula mzima, kwa sababu kila mwendo wa mkono wake ulijibiwa mara ile ile. Hatusemi kwamba kigugumizi kilipona. Hakikupona. Lakini juma lililofuata alionyesha so na mi, na midomo yake mwenyewe ikazifuata.

Jambo hili limewavutia watu wengi duniani. Mnamo mwaka 1920 Mrusi Lev Termen alibuni chombo cha umeme kinachopigwa bila kuguswa. Mkono mmoja ukikaribia fimbo ya chuma sauti hupanda, na mkono mwingine hupunguza au huongeza ukubwa wa sauti. Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa Wii, wenye kifimbo kinachohisi mwendo wa mkono, na wanamuziki wakakiunganisha na kompyuta ili kupigia muziki. Simu janja nyingi za leo nazo huhisi zinapoinamishwa au kutikiswa, na zipo programu zinazogeuza mwendo huo kuwa sauti. Mwanachuo mwenye simu ya namna hiyo aweza kuitumia, lakini kanuni ni ile ile tuliyoiona Akheri: jibu likichelewa, mkono hupotea njia.

Darasa kubwa nalo huchelewa. Wa nyuma humsikiliza jirani badala ya kuutazama mkono. Kwa hiyo mfundishe kiongozi kwamba mkono hutangulia sauti. Lichukue manyanga lionyeshe jambo hili. Mbegu hugonga ukuta wa kibuyu mkono unaposimama, si unapoanza kwenda. Anayetikisa manyanga hujiandaa kabla ya pigo. Vivyo hivyo kiongozi avute pumzi, darasa livute pamoja naye, ndipo aonyeshe noti. Asimame juu ya kitu ili aonekane, na kama darasa ni kubwa, nusu waimbe na nusu wasikilize.

Yafaa pia kuwakumbuka watoto wenye mahitaji maalumu, kama wafanyavyo wenzetu wa Chuo cha Ualimu Patandi, kilicho jirani na Akheri. Mtoto asiyeona aweza kuguswa mkononi na jirani yake noti inapopanda au kushuka, naye aweza kuongoza kama wengine. Palipo na mtoto kiziwi, eleza kwamba ishara za solfa si Lugha ya Alama, asije akachanganyikiwa.

Katika maandalio yako, ndugu mwanachuo, tenga dakika tano za kwanza kwa mkono wako, kisha uwape watoto dakika zilizobaki. Anza na so na mi. Usimchague kwanza hodari wa kwaya. Mwite yule usiyejua sauti yake. Atakapokosea, na hana budi kukosea, usimwokoe haraka. Sauti ya wenzake itamwonyesha kosa lake mapema kuliko maneno yako.

Nasi hadi leo tunapoingia darasani kufundisha kuimba, mikono yetu huwashwa kutaka kuongoza. Huifunga nyuma ya mgongo, tukasikiliza.