Daftari la maziwa likihamia kwenye simu

Ndugu mfugaji, na wewe mwenye duka la pembejeo, wiki hii naziweka pembeni habari za kupe na chanjo. Nimeulizwa mara nyingi juu ya ile programu ya simu inayotumiwa na kikundi cha maziwa katika kata yangu, na wengi mnadhani tulimlipa fundi wa mjini. Hatukumlipa mtu. Stashahada yangu ni ya mifugo, kompyuta nimezijulia kazini tu. Tuliijenga mimi na katibu wa kikundi, jioni chache, kwenye kompyuta ya kuazima.

Tulitumia AppSheet, huduma iliyo chini ya Google tangu mwaka 2020. Unaandaa majedwali yako kwenye Google Sheets, nayo inakutengenezea fomu za kujaza, orodha na hesabu, bila wewe kuandika lugha ya kompyuta. Zipo nyingine za namna hiyo, kama Airtable na Zoho Creator. Naieleza hii kwa kuwa ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu.

Kwanza ujue tatizo lilikuwa nini. Kikundi hupokea maziwa asubuhi na jioni, na hulipa kila baada ya siku kumi na tano. Siku moja ya malipo, mama mmoja alisema ameleta lita 46. Daftari lilisema 31. Kwa bei ya shilingi 1,000 kwa lita, tofauti ilikuwa shilingi 15,000. Walikuwepo wanachama wawili wenye majina yanayofanana, na karani wa jioni hakuwa yule wa asubuhi. Hakuna aliyeweza kuonyesha kuwa mama anadanganya, wala hakuna aliyeweza kuonyesha kuwa anadai haki. Baada ya hapo wafugaji kadhaa walianza kumuuzia mchuuzi wa pikipiki anayelipa papo hapo, kwa bei ya chini. Hapo ndipo kikundi kinapokufa, maana bila lita za kutosha gari la mnunuzi haliji.

Tulianza na karatasi, simu tukaiweka mfukoni. Hili nalisisitiza, kwa sababu wengi hufungua programu na kuanza kubonyeza kabla ya kujua wanataka kuandika nini. Daftari la zamani lilikuwa na ukurasa mmoja wenye kila kitu: jina, lita, deni la mashudu, namba ya simu, alama ya vema ya aliyelipwa. Tuliugawa ukurasa ule katika majedwali manne. La kwanza ni Wanachama: kila mtu mstari mmoja tu, na namba yake ya uanachama. La pili ni Mapokezi: kila ndoo inapopimwa, mstari mpya wenye namba ya mwanachama, tarehe, asubuhi au jioni, lita, na kama maziwa yamepokelewa au yamekataliwa. (Yaliyokataliwa nayo yaandikwe. Ukiona mtu mmoja anakataliwa kwenye laktomita mara tatu kwa wiki, hapo kuna maji au kuna ng'ombe wa kutazamwa, na hiyo ni kazi yangu.) La tatu ni Makato, yaani mashudu, dawa na michango. La nne ni Malipo.

Kinachoyaunganisha ni namba ya mwanachama. Karani haandiki jina, analichagua kwenye orodha, na mbele ya jina anaiona namba na kitongoji. Wale akina mama wawili hawachanganywi tena. Kuna aliyependekeza tutumie namba ya simu badala ya namba ya uanachama. Tulikataa. Watu hubadilisha laini, na wengine hutumia simu ya mwanawe.

Sasa sikiliza hili la bei, kwa sababu ndilo lenye hela. Ukiandika bei mahali pamoja, halafu programu ikazidisha lita zote kwa bei hiyo, siku utakayobadilisha bei umebadilisha na madeni ya nyuma. Chukua mwanachama mwenye lita 200 ambazo hajalipwa. Kwa shilingi 1,000 anadai 200,000. Bei ikipanda kuwa 1,100, programu itasema anadai 220,000, wakati maziwa yale yalishauzwa kwa bei ya zamani. Kikundi kitazitoa wapi hizo 20,000? Kwa hiyo kila mstari wa mapokezi ubebe bei ya siku yake. AppSheet inaruhusu bei ya sasa ijijaze yenyewe mstari unapoandikwa, kisha ibaki hapo hapo hata bei mpya ikija. Mwenye duka anayekopesha mbolea na mbegu, hili linakuhusu zaidi kuliko mfugaji.

Jambo jingine ni kufuta. Kwenye mipangilio ya kila jedwali unachagua kama mtumiaji anaweza kuongeza, kubadilisha au kufuta. Makarani wetu wanaongeza tu. Karani akiandika lita 80 badala ya 8, haendi kuugeuza mstari ule. Anaongeza mstari wa kupunguza lita 72 na kuandika sababu. Wengine waliona ni usumbufu, lakini anayetaka kujua kilichotokea anakiona chote, kosa na marekebisho yake.

Kikao kilichotutoa jasho hakikuhusu simu. Majedwali yalipokaa sawa, madeni ya mashudu ya kila mtu yalijumlishwa yenyewe, na viongozi wawili walionekana wanadaiwa kuliko wote. Mmoja akaomba sehemu ya Makato iondolewe kabisa, "maana kikundi ni cha maziwa." Nilinyamaza, kwa sababu si kikundi changu. Wanachama walibishana hadi jua likazama, kisha wakakubaliana: kila mwanachama aonyeshwe hesabu yake mwenyewe, kamati ione za wote, na jumla ya madeni ya kikundi isomwe kwenye kila mkutano. Yule kiongozi amekuwa akikatwa kidogo kidogo tangu hapo. Ukijenga kitu kama hiki, tarajia kikao cha namna hiyo, na usikiitishe siku ya malipo.

Kuhusu mtandao, usiogope. Karani akishaifungua programu mara moja penye mtandao, anaweza kuendelea kuandika kituoni bila mtandao, na taarifa zikapanda akifika penye mnara. Masharti ni mawili. Asitoke kwenye akaunti wala kuiondoa programu kabla taarifa hazijapanda, maana zitapotea. Na kila mstari upewe alama yake ya pekee inayotengenezwa na programu yenyewe, ili simu mbili zisigongane.

Kuhusu gharama, unaweza kujenga na kujaribu bure, na watu wasiozidi 10. Ukitaka kuitumia rasmi, unalipia kila mtumiaji kwa mwezi, kwa hiyo usiwape simu nzima kijiji. Sisi tuna makarani wawili, katibu na mweka hazina. Wanachama wengine wanasomewa hesabu zao siku ya malipo, na orodha iliyochapishwa inabaki kwa katibu. Hatuibandiki ukutani na namba za simu za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavihusu hata vikundi vidogo.

Akaunti ya Google ifunguliwe kwa jina la kikundi, na nywila ijulikane na watu wawili wa kamati. Usiiweke kwenye akaunti ya afisa ugani. Mimi naweza kuhamishwa wilaya kesho kutwa, na majedwali yenu yasiondoke na mimi. Kila mwisho wa mwezi katibu anapakua nakala ya Excel na kuiweka kwenye flashi.

Kama duka lako lina wateja wa mkopo kumi na wawili na unawajua wote kwa sura, baki na daftari lako. Anza kufikiria habari hii ukiona unakesha kujumlisha, au mtu wa pili ameanza kuandika kwenye daftari lile lile. Hapo chora majedwali matatu: Wateja, Mikopo, Marejesho. Niletee hiyo karatasi ofisi ya kata siku ya gulio, tuipitie pamoja kabla hujagusa simu. Na daftari usilitupe mwezi wa kwanza. Andika kote kuwili, kisha linganisha jumla kila Jumamosi.