Mji Ambao Hatukuulilia

Luka, katika sura ya 19, anatuambia kwamba Bwana Yesu alipoukaribia Yerusalemu aliuona mji, akaulilia. Sisi wa Kyela tumeusema mji kwa mengi, lakini kuulilia hatujaulilia. Tunaandika haya kwa toba.

Tulipokuwa chuo cha theolojia tulikuta maktabani kitabu cha mashairi ya Kiingereza. William Wordsworth tulimpenda mara moja. Alizaliwa mwaka 1770 katika nchi ya milima na maziwa, kaskazini mwa Uingereza, na kila aliposifu maji na milima sisi tuliiona Matema: Milima ya Livingstone imesimama juu ya Ziwa Nyasa, mitumbwi inarudi asubuhi na usipa, akina mama wa Kikisi wanapanga vyungu vyao ufukweni. London nayo aliisifu katika shairi la mwaka 1802, lakini aliitazama alfajiri, akiwa darajani, watu wamelala na moshi haujapanda.

William Blake hatukumpenda. Yeye alizaliwa London mwaka 1757 na kuishi humo karibu maisha yake yote. Katika shairi lake la mwaka 1794 hasimami darajani. Anatembea mitaani, anatazama nyuso za watu na kusikia vilio. Siku zile watoto wadogo wa maskini waliingizwa ndani ya dohani, yale mabomba ya moshi ya majumba, ili wakwangue masizi. Blake alisikia kilio chao, akalinyoshea kidole hata Kanisa. Hilo lilitukera. Tukafunga kitabu.

Miaka ikapita, tukapewa usharika huku nyumbani. Jumapili moja kijana wetu wa kwaya aliaga kwenda Dar es Salaam. Mpunga wa kwao ulikuwa umezolewa na mafuriko, na kakao yao ilikuwa imeuzwa ingali mtini ili kulipa deni. Hayo tuliyajua. Hata hivyo tulipanda mimbarani tukahubiri habari za mwana mpotevu, tukasema mjini ndiko nchi ya mbali, ndiko kwenye nguruwe. Washarika wakaitikia amina. Yeye aliinamisha kichwa.

Baada ya miaka miwili tulikwenda Dar es Salaam kwa mkutano, tukamtafuta. Tulimkuta Manzese, katika chumba kimoja alichopanga na wenzake wanne. Alikuwa akisukuma mkokoteni Kariakoo mpaka mzigo ulipomwangukia mguuni. Miezi mitatu hakufanya kazi. Waliomlisha ni wale wenzake, na wawili kati yao ni Waislamu. Tukamuuliza kwa nini hakupiga simu nyumbani. Akajibu kwa upole, "Baba Mchungaji, ningerudi mikono mitupu wangesema mahubiri yametimia."

Wapendwa, tuliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, hatukuwa na la kusema. Tulimkumbuka Blake na kile kidole kilichotukera.

Tuliporudi tulimsoma tena Wordsworth, tukaona kwamba naye hakuishia darajani. Katika shairi lake refu la maisha yake, lililochapishwa mwaka 1850 baada ya kifo chake, anakutana London na ombaomba kipofu aliyeegemea ukuta, kifuani ana karatasi iliyoandikwa habari zake. Mshairi wa maziwa anasimama mbele yake kama mtu aliyeonywa kutoka ulimwengu mwingine. Sisi tulikuwa tumechukua kwake ziwa, tukamwacha kipofu.

Umaskini wa kijana wetu haukuanzia Manzese. Ulipanda naye basi hapa Kyela. Hakumkimbia Mungu wala baba yake. Alikimbia deni na maji ya mafuriko, nasi tukamwita mpotevu kwa sababu ziwa letu ni zuri kutazama.

Siku hizi mtoto wa usharika akiaga, tunamwekea mikono, tunachukua namba yake ya simu, tunampa barua kwa mchungaji wa kule aendako. Fedha kidogo ya mnada wa sadaka tunaiweka kwa ajili ya walio mbali. Kijana wetu bado anachechemea, na bado yuko mjini. Anaimba kwaya huko.

Jumapili ijayo tunawaaga wengine wawili. Tuombeeni, ili mahubiri yetu yawafungulie njia ya kurudi.