Siku niliyoingia Mkunazini

Wiki hii sina picha za magauni. Nina neno nanyi, hasa nyinyi mabiarusi na mama zenu.

Mkunazini napita kila nikienda Darajani kununua vitambaa, na miaka yote hiyo sijawahi kuingia pale kanisani, palipokuwa soko la watumwa. Nilijiambia ni mambo ya watalii. Mwezi uliopita akaja mteja wangu kutoka Muscat, biarusi mtarajiwa, na dada zake wawili. Wakanishika mkono, twende wote na mtembezaji wageni.

Soko lile lilifungwa mwaka 1873, enzi za Sayyid Barghash, na Waingereza wakajenga kanisa papo hapo. Mtembezaji alieleza mengi, lakini kilichonishika mimi ni vile vyumba vya chini. Dari fupi, husimami wima, na hewa inapita kwenye vitundu vyembamba. Kazi yangu ni kupima watu, basi jicho likaanza kupima lenyewe: upana huu, kimo hiki, wangekaa wangapi? Nikalikataza. Nje kuna shimo lenye sanamu tano za watu, shingoni wana minyororo ya kweli.

Mtalii mmoja akauliza, nani alikuwa akiuza? Mtembezaji hakuficha. Waarabu, Waswahili, na machifu wa bara waliouza watu. Na wengi walibaki hapahapa, kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Yule mtalii akanitupia jicho, mimi na ushungi wangu. Labda hakukusudia kitu, ila uso uliniwaka.

Lakini si hilo lililoniliza. Nilikumbuka posa ya kaka yangu.

Miaka sita nyuma alimpenda msichana wa shamba, mpole, Qur'ani imo kifuani. Wanawake tukakaa kikao. Mimi ndiye niliyesema, "Lakini asili yao mnaijua? Babu zao walikuwa watumwa." Sikusema kwa ukali, nilisema huku napachika shanga kwenye gauni la mtu. Hakuna aliyenijibu, na posa ikafa hapo.

Sheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, lakini masuria hawakuingizwa mpaka 1909. Yaani mwanamke wa chumbani kwa bwana ndiye aliyengoja zaidi. Tukipekua vizuri, wengi wetu tutamkuta bibi wa namna hiyo. Babu wa Kiarabu tunamtaja kwa jina na kabila, yeye hatumtaji. Na hili baibui letu, mtumwa wa kike hakuwa na ruhusa ya kujisitiri kama bibi yake. Walipopata uhuru, wanawake wale waliziacha kaniki na merikani, wakanunua kanga, na baadaye wakavaa baibui. Mimi nayashona mabaibui na nilikuwa silijui hilo.

Mtaniambia kuna kufuu. Najua, na mwenye suali amuulize sheikh wake, mimi ni fundi tu. Ila Mtume wetu (S.A.W.) alimposea Zaid bin Haritha, mtumwa aliyeachwa huru, binti wa shangazi yake mwenyewe Mtume, Zaynab bint Jahsh. Ndoa haikudumu, hilo sote tunalijua. Lakini aliyeipeleka posa ni yeye mwenyewe Mtume.

Wiki mbili baadaye nilipanda daladala nikaenda kwao yule msichana. Ameshaolewa, ana watoto wawili, nikamkuta mama yake peke yake anapeta mchele. Nikamwambia, "Mama, lile neno lilitoka kinywani mwangu." Hakuniuliza neno gani. Akaendelea kupeta, mpaka nikadhani hatajibu.

"Mwanangu alilia Ramadhani nzima," akasema. "Mimi nilijua ni nyinyi wa mjini, sikujua nani."

Nikamuomba radhi. Akanambia yeye kwa upande wake amenisamehe kwa ajili ya Mungu, lakini ya mwanawe ni ya mwanawe, nikamtafute mwenyewe. Akanipa namba ya simu, na akanikaribisha chai.

Namba ninayo. Jumamosi, inshallah, nafunga duka mapema.