Barua kutoka Paris: Huku hawanuni

Ndugu zangu,

Juzi shangazi kanipigia simu kunipa habari kwamba kuna mtu kwenye ukoo amenuna tangu harusi ya mwaka jana, eti hakutengewa kiti cha mbele. Mwaka mzima! Na kila akisalimiwa anajibu "salama tu". Jamani, huku mtu hanuni hata kituo kimoja cha treni.

Njooni muone treni ikisimama katikati ya handaki saa mbili asubuhi, watu wanawahi kazini. Anaanza mama mmoja wa makamo: anajaza hewa mashavuni, anaiachia, "pfff". Kisha "j'en ai marre", yaani yamemfika shingoni. Kijana wa pembeni anadakia "ça me saoule": jambo lenyewe linamlevya, na wala si kwa raha. Mzee aliyesimama mlangoni hasemi kitu. Anapitisha kiganja juu ya utosi, ishara ya "ras-le-bol", kwamba yamemjaa pomoni. Treni ikiondoka, kila mtu na simu yake. Yamekwisha. Mwaka 2023, serikali ilipopandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 62 hadi 64, ras-le-bol hiyo hiyo ilihamia barabarani, mamia kwa maelfu ya watu na mabango yao.

Atakayekuja huku ayajue haya. Salamu kwanza: ukiingia dukani bila "bonjour", kero ni wewe. "Ça me saoule" na mwenzake "ça me gave" ni za marafiki. Bosi mwambie "c'est agaçant", yaani inakera. Ukijigonga kidole mbele ya mama mkwe, sema "mince". Tusi linalositiriwa na neno hilo utalisikia kila kona, ila usilipeleke mezani. Vijana wakisema "relou" au "vénère", wamegeuza tu "lourd" (wa kuchosha) na "énervé" (aliyekasirika), kama watoto wa pwani wanavyosema kinyume ili wakubwa wasiwashike.

Najua mtanijibu kwamba sisi ni watu wa staha. Staha naijua, nimelelewa nayo. Lakini fundi anakaa na kitambaa chako miezi miwili, unamwambia "hakuna shida", ukitoka hapo unamtangaza mtaa mzima. Hiyo nayo ni staha? Fundi hajui kosa lake, gauni halijashonwa, na wewe presha inapanda. Mfaransa angemweleza palepale, uso kwa uso, kisha angemtakia siku njema.

Siwaambii mpulize mashavu mbele ya wazee. Mkiambiwa "njoo kesho" ofisini, toeni shikamoo yenu kamili, halafu ulizeni kwa sauti inayosikika: kwa nini isiwe leo?

Wenu wa ughaibuni.